Magunia Yasiyoona Jua

Nianze kwa kuwaomba radhi kwa mwandiko huu. Vidole vya mkono wangu wa kulia vimejaa makovu madogo ya nyuzi za magunia, na kalamu huniteleza kila nikikaribia mwisho wa mstari. Maneno mengine nitakuwa nimeyakosea. Niliishia darasa la saba, katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Kenya, na tangu turudi Juba sijaandika kitu kirefu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kuiandika. Kiarabu cha Juba nakisema kutwa nzima lakini sijui kukiweka kwenye karatasi. Naandika polepole. Ukurasa huu wa kwanza umenila asubuhi yote.

Ninachotaka kueleza ni habari ya tuta letu, na sehemu yangu katika habari hiyo.

Nyanya yangu, ambaye sisi tunamwita haboba, anakaa mwisho kabisa wa mtaa wa Juba Na Bari, pale mkondo wa maji ya mvua unapokutana na mto. Nyumba yake ni ya mwisho. Baada yake kuna tuta, na baada ya tuta kuna maji. Mama yangu amezikwa kwenye ua wa nyumba hiyo, hatua sita kutoka mlangoni. Alifariki mwaka tuliorudi. Haboba ana miguu mibovu, hatembei bila kushika ukuta, na amesema mara nyingi kwamba hamwachi binti yake peke yake na mto. Kwa hiyo tuta likishindwa, wa kwanza kufikiwa ni yeye. Hilo nililijua tangu mwanzo.

Tuta tulilijenga wenyewe, nyumba kumi na moja, baada ya mwaka ambao maji yaliingia hadi kwenye vitanda. Kila nyumba ilileta magunia yake ya plastiki, yale meupe ya mtama na mchele, ikayajaza udongo na kuyapanga. Upana wake ulikuwa magunia matatu. Ili asiwepo wa kutegea, kila nyumba ilipiga alama yake kwenye magunia yake kabla ya kuyapanga. Alama ya haboba ilikuwa duara la buluu, rangi iliyobaki baada ya kupakwa mlango. Maduara yale niliyachora mimi.

Mwaka uliofuata nikapata kazi yadini.

Yadi iko upande wa barabara ya uwanja wa ndege, nyuma ya karakana za matairi. Mwenyewe ni mama aliyeishi Uganda miaka mingi, nasi tunamwita Madamu. Ananunua plastiki. Mwanzoni alikuwa anapokea kila kitu: viti vilivyovunjika mguu, mabeseni, vifuniko vya chupa, ndoo zilizopasuka. Lori lilikuja mara moja kwa mwezi kuchukua. Sikuajiriwa kwa sababu ya mdomo wangu, maana sikuwa nao. Niliajiriwa kwa sababu ya mkono.

Gunia la plastiki si kama la katani. Maji hayaliwezi, udongo hauliwezi, mchwa hawalili. Kinacholiua ni jua. Likikaa nje msimu mmoja au miwili, ukilitazama utadhani ni zima, lakini ukilikwaruza kwa ukucha linatoa unga mweupe. Nyuzi zake bapa zinakatika kama nyasi kavu. Gunia zima, ukichomoa uzi mmoja na kuuzungusha kidoleni, utakukata kabla haujakatika. Ndiyo maana ya makovu haya. Na ukichoma kipande kidogo cha gunia zuri, moshi wake unanuka mshumaa. Mimi niliweza kujua gunia kwa kulishika tu, nikiwa nimeangalia kwingine. Nilikaa karibu na mizani, nikakwaruza, nikatikisa kichwa au nikakubali kwa kichwa. Mabovu tuliyatupa nyuma ya yadi, yakawa lundo refu kuliko mtu.

"Wewe iko kimya, hiyo mzuri," Madamu aliniambia. "Mutu ya kelele hapana jua gunia."

Halafu mwaka huu, kiangazi kilipoanza, mambo yakabadilika. Lori likaanza kuja kila wiki, kisha mara mbili kwa wiki. Dereva wake ni Msomali wa Garissa, mtu mzima mwenye ndevu nyekundu za hina, anayeniita mwanangu. Siku moja akisubiri kupakiwa nilijikaza nikamuuliza magunia yanapelekwa kufanya nini.

"Huko kiwandani yanaoshwa, mwanangu, yanakatwakatwa, yanayeyushwa. Plastiki inatoka kwenye mashine kama tambi. Tambi zinakatwa punje. Punje ndizo zinakuwa viti, mabeseni, kamba, bampa za magari. Na magunia mengine."

"Na wakipata ya kutosha?"

Alicheka hadi akashika tumbo. "Bado sijaona siku hiyo. Zamani walikuwa wananipigia simu jioni. Sasa wananipigia nikiwa bado kwenye swala ya asubuhi."

Madamu akaacha kupokea viti na ndoo, akataka magunia tu, kwa sababu yanafungwa vizuri na lori linabeba mengi. Na mji ukaanza kuvuliwa nguo. Nyua za vyoo zilizokuwa zimezungushiwa magunia zikabaki miti mitupu, watu wakawa wanajificha kwa kanga. Wauza mkaa wakaanza kumwaga mkaa chini kwenye turubali na kuondoka na gunia. Nilipita sokoni nikaona mwanamke anagombana na mteja kwa sababu ya gunia, wala si kwa sababu ya vitunguu vilivyokuwamo ndani. Nilicheka wakati ule.

Sasa nifike pale ninapoona aibu kufika.

Jirani wa haboba ni mama anayekausha samaki kwa moshi. Ana sauti ya kuvuka mto na hana adabu ya mdomo, lakini ndiye aliyemwosha mama yangu alipokufa. Siku moja alikuja yadini na magunia aliyoyabandua kwenye ua wa choo chake. Nikakwaruza la kwanza. Unga ukaanguka. La pili vilevile. Nikatikisa kichwa.

"Yana nini?" akauliza.

Nikatikisa kichwa tena.

"Binti, mimi nilikubeba mgongoni kule kambini ukaniharibia nguo ya kanisani, leo unanitikisia kichwa kama mbuzi? Sema!"

Foleni nzima ikageuka kunitazama. "Huyo akiongea leo mvua itanyesha," mwanamume mmoja akasema, na watu wakacheka.

Masikio yakaniwaka. Nilitaka tu wageuke. Nikasema, nikitazama miguu yangu, "Tunataka yale ambayo hayajaona jua."

"Heh! Amesema!" Mama wa samaki akapiga makofi. "Yasiyoona jua! Mnanunua magunia au mnaoa?"

Watu wakacheka tena, akafunga mzigo wake akaenda. Nilifurahi kwamba yameisha.

Baada ya kama wiki mbili magunia yakaanza kuja mabichi. Hayakuwa yamelowa kwa mvua, kwa sababu mvua ilikuwa bado. Ulikuwa ubichi wa ndani, wa kitu kilichokaa gizani. Mikunjo yake ilikuwa na udongo mweusi. Nilichomoa uzi mmoja nikauzungusha kidoleni, ukanikata vizuri. Nilikubali kwa kichwa. Siku iliyofuata yakaja mengine, na siku iliyofuata mengine zaidi, yanaletwa na watoto, yanaletwa kwa bodaboda, yanaletwa na watu ambao nilizoea kuwaona kanisani.

Siwezi kuandika kwamba sikujua. Mkono wangu ulijua siku ya kwanza. Udongo ule nilikuwa nimeujaza mimi mwenyewe kwa sufuria, naujua harufu yake, harufu ya samaki na majani yaliyooza. Lakini kujua kwa mkono si sawa na kusema kwa mdomo. Kila jioni nilijiambia kesho nitauliza. Kesho ikifika, foleni ilikuwa ndefu na Madamu alikuwa amesimama nyuma yangu akisema, "Hiyo mzuri! Hiyo mzuri sana! Leta ingine!"

Hadi siku nilipokunjua gunia moja na kuona duara la buluu.

Lilikuwa limefifia, lakini lilikuwa langu. Upande wa kulia rangi ilikuwa imechuruzika kidogo, kwa sababu siku ile nilichovya brashi kupita kiasi. Nililishika muda mrefu. Aliyelileta, kijana nisiyemjua, akaniuliza kama lina tatizo. Nikakubali kwa kichwa, naye akafikiri nakubali gunia, akalirusha kwenye mizani.

Jumapili, baada ya kanisa, nilikwenda kwa haboba. Sikuingia ndani kwanza. Nilipanda juu ya tuta.

Ukilitazama lilikuwa zima. Magunia ya nje yalikuwa pale pale tulipoyaweka, mstari kwa mstari, yamepauka kwa jua, majani yameota katikati yake. Mbuzi wawili walikuwa wamelala juu. Mto ulikuwa chini kabisa, umelala, unaonyesha mchanga wake. Nilitembea hadi sehemu ya haboba, nikapiga magoti, nikashika gunia moja la juu na kulivuta. Likapasuka mikononi mwangu likatoa unga. Chini yake palipaswa kuwa na gunia jingine. Palikuwa na udongo mtupu. Nikasukuma mkono. Ukaingia hadi kiwiko, nikasukuma tena, ukaingia hadi begani, bila kugusa uzi wowote, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya pipa la unga.

Walikuwa wanainua la juu, wanafungua la ndani, wanamwaga udongo palepale, wanaondoka na gunia, kisha wanarudisha la juu mahali pake. Kwa uangalifu. Hakuna aliyekuwa na nia ya kubomoa.

Haboba alikuwa amekaa mlangoni anakatakata bamia za kuanika. Aliuona mkono wangu uliojaa udongo.

"Umeanguka?"

"Haboba, nani anatoa magunia kwenye tuta?"

"Sote," akasema, wala hakuacha kukata.

"Sote nani?"

"Sote. Hata mimi. Nilimpa jirani kumi. Binti yake alikuwa na uchungu siku ya pili, hospitalini wanataka glavu, wanataka dripu, wanataka kila kitu. Ningemnyima magunia? Amejifungua salama. Mtoto wa kiume, kichwa kama papai."

Nilikaa chini kando ya bamia zake. "Lakini tuta, haboba."

Hapo akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Si wewe uliyesema? Jirani alirudi hapa akatutangazia. Binti wa yadi amesema yaliyoona jua yamekufa, wanataka ya ndani. Tukakaa tukafikiri. Maji yanagonga la nje, hayagongi la ndani. La ndani limelala tu. Na mtu wetu mwenyewe, anayejua magunia kuliko watu wote wa Juba, ndiye amesema."

"Nilisema tunayonunua. Sikusema mtoe kwenye tuta."

"Hukusema tusitoe."

Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayesahihisha hesabu ya mtoto. Ni kweli. Sikusema. Nyumba kumi na moja zilikuwa zimelala nyuma ya udongo mtupu kwa sababu ya sentensi moja niliyoitoa ili watu waache kunitazama, na kwa sababu ya zile nyingine ambazo sikuzitoa kabisa.

Nilizunguka nyumba zote mchana ule ule. Sijawahi kufanya jambo gumu zaidi. Kila mlango nilisimama nikahesabu hadi tano kabla ya kubisha. Nilieleza kwamba la nje ndilo lililokufa, kwamba halishikilii chochote, kwamba lililokuwa linatushikilia ni la ndani. Kila nyumba ilinisikiliza. Na kila nyumba ilisema imetoa machache tu. Walinionyesha kwa vidole nyumba inayofuata. Eti hao ndio waliotoa mengi. Nilipofika ile inayofuata, nikaonyeshwa nyingine.

Mama wa samaki alikuwa anageuza kambare kwenye chanja, macho mekundu kwa moshi.

"Kumbe una sauti!" akasema. "Uliificha wapi miaka yote, kwenye gunia?"

"Mama, mvua ikija tuta litakaa chini."

"Tuta limekaa miaka mitatu."

"Lilikuwa na magunia miaka mitatu."

Aligeuza samaki mmoja ambaye alikuwa tayari amegeuzwa. Kutoka ndani kitoto kikalia, chembamba, na binti yake akakibembeleza. "Basi waambie wakurudishie," akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Wewe ndiye mtu wao. Waambie."

Jumatatu nilifika yadini kabla ya lori. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima wa Jebel tangu alfajiri, hayasogei. Magunia ya wiki ile yalikuwa yamefungwa kwa waya, mizigo mikubwa ya mraba, imepangwa tayari. Niliweza kuona udongo wetu kwenye mikunjo. Madamu alikuwa anakunywa chai.

Nilimwambia yote. Nadhani nilisema maneno mengi kuliko niliyokuwa nimemwambia tangu nianze kazi. Nilimwomba mizigo miwili tu, nikamwambia nitafanya kazi bila malipo hadi deni lake liishe.

Alinisikiliza vizuri, siwezi kumsingizia. Kisha akaweka kikombe chini. "Binti yangu. Mimi iko nunua gunia. Mimi hapana nunua tuta. Mutu analeta gunia yake, mimi napima. Sasa nikirudisha ya nyanya yako, kesho nani atakuja? Kiwanda iko ngoja. Lori ikienda nusu, wao wanatafuta yadi ingine."

Nikamfuata dereva. Alikuwa anakaza kamba juu ya mzigo. Alishuka, akanisikiliza akiwa ameshika kofia yake mkononi, kama mtu aliye msibani.

"Imefungwa, imepimwa, imeandikwa, mwanangu. Nikifika mpakani Nimule imepungua, mwizi ni mimi." Akatazama Jebel. "Na mimi nawahi barabara kabla haijalowa."

Lori likatoka. Lilikuwa limejaa kupita kichwa cha geti, ikabidi vijana wawili wainue waya wa umeme kwa mti lipite chini yake. Tone la kwanza lilianguka kwenye mizani likatoa mlio. Mwanamume yule yule wa foleni, au labda mwingine, akasema, "Si nilisema? Ameongea." Mara hii hakucheka mtu.

Mvua ilinyesha hadi alasiri. Nilikwenda kwa miguu, bodaboda walikuwa wamejificha. Nilipofika Juba Na Bari niliwakuta watu wote wamesimama nje kwenye mvua, wanatazama upande mmoja. Maji hayakuwa yametoka mtoni. Yalikuwa yametoka nyuma, kwenye mkondo, mekundu, yamebeba ndala na matawi. Yalilipata tuta kwenye kona. Sikusikia mshindo wowote. Tuta lilikaa chini, hatua nne za tuta, taratibu, kama mtu aliyechoka anavyokaa. Udongo uliokuwa ndani ukawa uji ukatiririka, na magunia ya nje yakabaki yananing'inia kidogo, kisha yakapasuka moja baada ya jingine.

Maji yaliingia kwenye chanja za samaki, yakaingia kwa haboba hadi vifundoni. Alikuwa amekaa juu ya kitanda ameshika mwiko, sijui kwa nini mwiko. Nilimwambia tuondoke. Alinionyesha ua kwa ule mwiko. Maji yalikuwa yamefika hatua mbili kutoka kaburi la mama, na hapo yakasimama, kwa sababu mvua ilikatika.

"Hajaguswa," akasema. "Kwa nini mimi niondoke?"

Mto wenyewe ulikuwa bado haujapanda. Wazee wavuvi walisema bado wiki mbili, labda tatu, kabla haujapanda. Nilirudi yadini asubuhi nikamwomba Madamu lile lundo la nyuma, magunia niliyoyakataa mimi mwenyewe.

"Hiyo takataka? Chukua yote," akasema. Na akatoa mkokoteni wake bila kuombwa. Hilo naliandika pia.

Tulifanya kazi siku sita, nyumba zote. Tuliingiza gunia bovu ndani ya gunia bovu ndani ya gunia bovu, matatu matatu, kwa sababu moja peke yake halikuweza hata kubeba udongo hadi kwenye tuta. Unga mweupe ulitujaa mikononi, kwenye nyusi, kwenye maji ya kunywa. Mama wa samaki alibeba kuliko wanaume, huku akimtukana kila aliyepumzika, na mimi akanitukana zaidi ya wote, nikafurahi, kwa sababu kama angeninyamazia ningelia. Tulipomaliza tukalipaka tuta lote matope na kulifunika nyasi ili jua lisiyaone tena. Sasa linaonekana zuri. Linaonekana zuri kuliko mwanzo. Hilo ndilo linalonitisha. Nje limekufa na ndani limekufa, na mimi ndiye ninayejua.

Nimehamia kwa haboba. Tulipatana, au yeye aliamua, mimi nikakubali kwa kichwa: maji yakigusa kaburi, atakubali kubebwa. Kabla ya hapo nisimguse. Nimechomeka kijiti mtoni na kila asubuhi nakwenda kukitazama. Wiki iliyopita kilikuwa nje chote. Leo nimekiona ncha tu. Mtumbwi wa mvuvi mmoja umeshakodiwa, mama wa samaki ndiye aliyeukodi, na umefungwa mlangoni kwetu, juu ya nchi kavu. Haboba anautumia kuanikia bamia.

Yadini nimeondolewa kwenye mizani. Baada ya siku zile nilianza kuuliza kila mtu gunia limetoka wapi, na foleni ikaanza kupungua. Madamu hakunifukuza. Ameniweka kwenye kufunga waya, na pale mizani amemweka msichana mwingine, mwepesi, anayekwaruza vizuri na kucheka na watu. Magunia mabichi bado yanakuja. Lakini udongo wake si wetu tena. Mengine yana mchanga mwekundu, mengine mfinyanzi wa kijivu. Kuna yaliyoletwa na watu wa upande wa Rejaf. Jana nilifunga mzigo wenye magunia yaliyopigwa msalaba wa kijani, yote ya nyumba moja, na sikujua ni nyumba gani. Lori lilikuwa linanguruma nje. Nilikaza waya.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaosoma. Kama mnakaa nyuma ya tuta la magunia, popote pale, msiishie kulitazama. Litakuwa zuri. Pandeni juu, vueni gunia moja, msukume mkono ndani, kisha mniandikie mkono uliingia hadi wapi. Na kama yupo anayejua gunia lililokufa linaweza kushikilia mto kwa siku ngapi, aniandikie huyo kwanza. Barua mpeni yeyote anayeshuka Juba Na Bari, mwambieni nyumba ya mwisho, yenye mtumbwi mlangoni. Mwandiko mbaya si kitu, nitausoma polepole. Ila msichelewe.